Mashini ya gazi na barua za uvumbuzi: mazungumzo kwa walimaji

Wandugu walimaji, leo tutaacha kidogo habari ya mbegu na mbolea. Tutasema juu ya mashini.

Mnaijua wote mashini ya kusaga iliyo karibu na soko. Mama anafika na kikapu cha mahindi au cha muhogo mkavu, anatoa franka zake, fundi anazungusha mkono wa chuma, mara mnasikia pu-pu-pu-pu, na unga unatoka. Zamani kazi ile ilikuwa ya kinu na mchi tangu alfajiri. Sasa mwulizeni fundi: ni nani aliyefikiri kwanza kwamba moto unaweza kuwashwa ndani ya chuma ili usukume gurudumu? Pengine atawajibu: Wazungu. Jibu hilo halitoshi. Watu waliofanya kazi ile walikuwa na majina, wengine wao walikuwa maskini, nao waligombana sana barazani kwa ajili ya kipande cha karatasi. Habari ya karatasi hiyo ndiyo nataka kuwaeleza.

Karatasi gani? Ni barua ya uvumbuzi, ile ambayo wasemao Kifaransa wanaiita breve. Tuseme ndugu mmoja ametengeneza mtambo mpya wa kukamua mawese, unaotoa mafuta mengi kupita ule wa zamani. Jirani anakuja, anatazama, anarudi kwake na kutengeneza wa namna ileile. Wa kwanza alipoteza miezi mingi na mbao nyingi; wa pili hakupoteza kitu. Kwa hiyo serikali nyingi ziliweka sheria. Mvumbuzi anaandika kazi yake yote wazi, anachora picha, hafichi neno, anapeleka kwa serikali na kulipa kodi. Serikali inampa barua: kwa miaka fulani mtu mwingine asitengeneze kitu hiki bila ruhusa ya mwenyewe. Miaka ikiisha, kila mtu anaweza kukitengeneza. Ni biashara: yeye anatoa akili yake mbele ya watu wote, nao wanampa muda wa kula faida. Lakini ni lazima kitu kiwe kipya kweli, ni lazima kiandikwe vizuri, na ni lazima kodi ilipwe. Shikeni maneno hayo, mtaona jinsi yalivyowapata watu.

Tuanze na Étienne Lenoir. Alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Mussy-la-Ville, upande wa Luxembourg ulio leo ndani ya Ubelgiji. Alikuwa kijana bado alipokwenda Paris kutafuta kazi, na kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa kuwahudumia wageni katika hoteli. Baadaye alijifunza kazi ya rangi ngumu inayochomwa juu ya chuma, kama ile mnayoiona juu ya sahani nyeupe za bati, na hapo alipata barua yake ya kwanza ya uvumbuzi, mwaka 1847.

Wakati ule nguvu za viwanda zilitoka katika mashini ya mvuke. Mashini ya mvuke ni nzuri kwa mtu tajiri. Inataka chungu kikubwa cha chuma, maji mengi, mtu wa kutia makaa usiku na mchana, na kabla ya kuanza kazi mnangoja mpaka maji yachemke. Tena chungu kile kikipasuka, kinaua watu. Seremala mdogo wa Paris hakuweza kuwa nayo. Lakini katika barabara za Paris gazi ilikuwa imekwisha kufika. Ilitolewa katika makaa ya mawe, ikapita ndani ya mabomba chini ya ardhi ili kuwasha taa. Lenoir akafikiri: gazi hii inayowasha taa, kwa nini isizungushe gurudumu?

Tarehe 24 Januari 1860 alipewa barua yake. Mashini yake ilifanana sana na mashini ya mvuke, kwa kuwa mafundi hawakujua bado umbo lingine. Ndani ya silinda, ambayo ni bomba nene la chuma, mna pistoni, yaani kizibo kinachokwenda na kurudi. Pistoni ikienda inavuta hewa na gazi. Ikifika katikati ya njia, cheche ya umeme inawasha gazi ile. Moto unaisukuma pistoni mpaka mwisho. Kisha jambo hilohilo linafanyika kwa upande wa pili. Magazeti yalishangilia, mengine yakasema siku za mvuke zimekwisha. Mamia ya mashini hizo yalitengenezwa. Kulikuwa na za kuchapa vitabu, na za kuvuta maji.

Halafu wenye mashini walianza kupokea hesabu ya gazi. Kwa kila nguvu ya farasi mmoja, mashini ile ilikula karibu mita za ujazo 3 za gazi kila saa. Tena ilikunywa mafuta mengi ya kulainisha, na iliwaka moto kupita kiasi. Ninyi mnaonunua mazutu mnaelewa: mtu hasifu mashini siku anayoinunua, bali mwisho wa mwezi akipiga hesabu.

Kwa nini ilikula hivyo? Wawindaji walio hapa watanisaidia. Baruti ukiimwaga ovyo juu ya ardhi na kuiwasha, inafanya fuu, moshi unapanda, basi. Baruti ileile ukiishindilia ndani ya bunduki, inarusha risasi. Lenoir hakushindilia gazi yake kabla ya kuiwasha. Kosa lilikuwa hapo, na ilichukua miaka 16 mpaka watu walipolitengeneza vema katika kiwanda.

Lakini nisiwapite Waitalia wawili. Eugenio Barsanti alikuwa padri na mwalimu wa hesabu, Felice Matteucci alikuwa fundi mkubwa wa mambo ya maji. Mwaka 1853, yaani kabla ya Lenoir, waliandika namna ya kufanya mashini inayorushwa na mpasuko wa gazi, wakaiweka karatasi yao mahali pa salama. Mahali gani? Si kwa wafua chuma. Waliiweka kwa Accademia dei Georgofili ya mji wa Florence, chama cha watu wenye elimu ya kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1753! Mwaka uliofuata waliandikisha uvumbuzi wao London pia. Katika mashini yao moto haukusukuma gurudumu wenyewe. Ulirusha pistoni juu. Kisha gazi ikipoa, uzito wa hewa ya nje uliisukuma pistoni kurudi, na kule kurudi ndiko kulikofanya kazi. Mwaka 1864 Barsanti alikwenda Seraing, karibu na Liège katika Ubelgiji, kupatana na kiwanda cha Cockerill ili wamtengenezee mashini nyingi. Alipokuwa huko alipata homa ya matumbo, akafa. Matteucci alibaki peke yake, na kazi ikalala.

Sasa twende Ujerumani. Nikolaus August Otto alizaliwa mwaka 1832. Hakusoma shule ya ufundi. Alikuwa mchuuzi, akizunguka kutoka duka hata duka akiuza chai, kahawa na sukari. Alisikia habari ya mashini ya Lenoir, akamwomba fundi mmoja amtengenezee iliyo kama hiyo ili aichunguze. Aliona taabu moja ambayo sisi hapa tunaielewa vizuri: gazi ya mabomba iko mjini tu, mtu wa kijijini ataipata wapi? Kwa hiyo mwaka 1861 yeye na ndugu yake Wilhelm waliomba barua kwa serikali ya Prussia ili kutumia mvuke wa pombe kali badala ya gazi. Serikali ilikataa.

Otto alipoteza karibu fedha yake yote. Mwaka 1864 akakutana na Eugen Langen, mtu aliyesoma ufundi, ambaye jamaa zake walikuwa na viwanda vya sukari. Walifanya kampuni pamoja katika mji wa Cologne. Langen alileta fedha, alileta na akili: alitengeneza kifaa kinachoacha pistoni iruke bure ikipanda, kisha kinalishika gurudumu ikishuka. Mashini yao ilisimama wima kama nguzo, kupita urefu wa mtu, ikapiga kelele nyingi. Namna yake ilikuwa karibu na ile ya Barsanti, naye Matteucci alilalamika.

Mwaka 1867 waliipeleka kwenye maonyesho makubwa ya Paris. Waamuzi waliitazama, wakaiona mbaya kwa macho na kwa masikio. Lakini kati yao alikuwamo Mjerumani Franz Reuleaux, aliyesoma pamoja na Langen zamani. Yeye alisema: tusitazame umbo, tupime gazi. Wakapima. Ile mashini ya kelele ilikula chini ya nusu ya gazi waliyokula wengine kwa kazi ileile. Ikapewa medali ya zahabu. Ni kweli, Reuleaux alikuwa rafiki. Lakini kipimo hakikuwa rafiki wa mtu. Tangu siku hiyo maombi yalikuja mengi, na kiwanda kipya kilijengwa Deutz, ng'ambo ya mto Rhine. Zaidi ya 2,000 za mashini hizo zilitengenezwa. Huko Manchester, Uingereza, ndugu wawili wa jina la Crossley walinunua haki ya kuzitengeneza kwao.

Hata hivyo mashini ile haikuweza kupita nguvu ya farasi 3. Mtu aliyetaka nguvu zaidi hakupata. Ndipo mwaka 1876 Otto alipofanya mashini ambayo watoto wake wanasaga mahindi yenu leo.

Sikieni vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Pistoni inakwenda mara 4. Mara ya kwanza inavuta hewa na gazi. Mara ya pili inarudi na kuvishindilia, kama baruti ndani ya bunduki. Hapo moto unawashwa, na mara ya tatu pistoni inasukumwa kwa nguvu. Mara ya nne inarudi na kufukuza moshi. Kati ya mara 4, moja tu inatoa nguvu. Mtu atauliza: hizo 3 nyingine zinafanywa na nani? Zinafanywa na gurudumu zito. Lilipewa mbio na mara ile moja, nalo linailisha pistoni mpaka zamu yake irudi. Mashini hiyo ilikuwa tulivu kuliko ile ya kwanza hata Waingereza wakaiita mashini ya kimya ya Otto, ijapokuwa mtu akiisikia leo hataiita kimya.

Otto alipata barua katika nchi nyingi. Katika Ujerumani sheria mpya ya uvumbuzi ilianza mwaka 1877, na barua yake ilikuwa namba 532. Kampuni ya Deutz ikawa na nguvu sana. Kila aliyetaka kutengeneza mashini ya mara 4, ilikuwa lazima awaombe ruhusa. Aliyekataa walimpeleka barazani. Hata fundi mmoja wa saa wa Munich, Christian Reithmann, alisimama akasema yeye alikuwa na mashini ya mara 4 mbele ya Otto. Deutz walimaliza maneno naye kwa fedha.

Jambo la ajabu ni hili. Otto mwenyewe hakujua vizuri sababu ya uzuri wa mashini yake. Alifikiri siri ni kupanga hewa na gazi kwa tabaka ndani ya silinda, ili moto usigonge kwa ghafula. Neno hilo ndilo alilolitia nguvu zaidi katika barua. Habari ya mara 4 ilikuja nyuma. Wenye elimu walichunguza baadaye wakaona kwamba faida kubwa ilitoka katika kule kushindilia. Basi mtu anaweza kutengeneza kitu kizuri mno na kueleza sababu isiyo yenyewe. Mlimaji anayepanda mahindi yake mapema anavuna sana. Mwulizeni kwa nini, pengine atawaambia habari ya mwezi.

Sasa karatasi inatoka sandukuni. Ndugu wa Körting, wenye kiwanda Hannover, walichoka kuzuiwa na Deutz. Wakili wao mmoja alitafuta katika maandiko ya zamani, akapata kitabu kidogo cha Kifaransa. Mwandishi wake alikuwa Alphonse Beau de Rochas, aliyepewa barua katika Ufaransa tarehe 16 Januari 1862. Na mle ndani mliandikwa nini? Kuvuta, kushindilia, kuwasha na kusukuma, kufukuza. Zote 4, kwa taratibu yake, tena pamoja na sababu za kweli! Aliandika hayo miaka 14 kabla ya mashini ya Otto. Lakini hakutengeneza mashini hata moja. Tena sheria ya Ufaransa ilitaka franka 100 kila mwaka ili barua iendelee kuwa hai. Beau de Rochas hakulipa. Barua ikafa, na kitabu kikalala katika vumbi.

Mtu atasema: barua iliyokufa ina nguvu gani? Kumzuia mtu haiwezi tena. Lakini inaweza kuonyesha kwamba neno hili lilijulikana zamani, si jipya. Na asiye na kitu kipya hana barua. Tarehe 30 Januari 1886 baraza kuu la Leipzig lilikata maneno: haki ya Otto juu ya mara 4 imevunjika katika Ujerumani. Kila kiwanda kikawa huru kuzitengeneza. Otto aliumia sana moyoni. Si juu ya fedha, maana Deutz waliendelea kuuza vizuri. Ni juu ya heshima, kwa kuwa watu walianza kusema kwamba alichukua kazi ya mwingine. Alikufa Januari 1891.

Ng'ambo ya bahari mambo yalikuwa mengine kabisa. Waingereza pia walipelekwa barazani kwa sababu ya mashini hiyo, na kitabu kilekile cha Mfaransa kikaletwa, kwa kuwa nakala moja ilikuwamo katika nyumba kubwa ya vitabu ya British Museum. Hakimu alijibu kwamba kitabu kulala humo, pasipo mtu kukijua, si kutangazwa kwa watu. Barua ya Otto ikabaki hai Uingereza mpaka miaka yake 14 ilipokwisha, mwaka 1890. Mashini moja, kitabu kimoja, hukumu mbili.

Mkiniuliza mimi mwenye mashini ni nani, nitasema kwamba mahakimu wa Leipzig walishika sheria sawasawa, lakini karatasi ya Beau de Rochas haikusaga hata konzi moja ya mahindi. Mtu aliyelala usiku mwingi karibu na chuma kilichovunjika ni Otto. Lenoir naye asisahauliwe. Ufaransa ilimpa nishani ya heshima mwaka 1881, tena kwa kazi yake ya telegrafu, si kwa mashini yake. Alikufa mwaka 1900, wala hakutajirika.

Barua ya Otto ilikuwa na faida nyingine ambayo yeye hakuitaka. Kwa kuwa njia ilifungwa, wengine walitafuta njia za pembeni. Dugald Clerk, Mskoti, alifanya mashini inayotoa nguvu kila mzunguko, pasipo mara 4 za Otto, na barua yake ni ya 1881. Pikipiki ndogo zile zinazochanganya mafuta na esansi ni za ukoo wake, ingawa wengine waliitengeneza zaidi baada yake. James Atkinson, Mwingereza, mwaka 1887 alifanya mashini ambayo njia ya kusukuma ni ndefu kupita njia ya kuvuta, ili nguvu ya moto isitupwe bure. Ilikuwa na vyuma vingi vya kupindapinda, haikudumu sokoni. Lakini wazo lake lilirudi miaka 100 baadaye katika magari yanayounganisha esansi na umeme. Gottlieb Daimler, aliyekuwa mkubwa wa kazi huko Deutz, aligombana na Otto akaondoka mwaka 1882. Mwaka uliofuata alipata barua ya mashini ndogo yenye mbio, na mashini hiyo ilifungua njia ya pikipiki na motokari.

Nimebakiza mtu mmoja, naye anatuhusu sisi watu wa shamba. Niliwaambia gazi ilikuwa ya mji tu. Joseph Emerson Dowson, Mwingereza, alipata barua mwaka 1878 ya tanuru inayotengeneza gazi papo hapo. Makaa yanawaka ndani yake, lakini hewa inayoingia ni chache; pamoja na hewa unapita mvuke wa maji. Makaa hayateketei kabisa, yanatoa gazi inayowaka, na gazi hiyo inakwenda mashinini. Baadaye mashini yenyewe ilivuta gazi kwa pumzi yake. Makala ya miti pia yanafaa. Kwa hiyo kiwanda kilicho mbali na mji kiliweza kufanya kazi, na wakati wa vita ya 1939 mpaka 1945, esansi ilipokosekana Ulaya, magari mengi yalitembea na tanuru nyuma yake.

Lakini sikieni onyo. Gazi ile ya makala ni sumu kali, nayo haina harufu wala rangi. Ni sumu ileile inayotoka katika mbabula ukiiacha inawaka ndani ya nyumba iliyofungwa, na iliyomo pia katika moshi wa mashini ya esansi. Mtu hasikii maumivu makubwa. Kichwa kinamwuma kidogo, usingizi unamchukua, na asubuhi haamki. Kwa hiyo mashini ya kusaga isifungiwe ndani ya nyumba isiyo na madirisha. Bomba la moshi lipite ukuta litoke nje, tena mbali na mlango ambapo akina mama wanangoja na watoto mgongoni.

Sasa twende kwa mashini. Fundi amekubali kuizima kwa muda ili tuitazame. Amefunga mazutu, na kila mtu atazungusha gurudumu polepole kwa mkono wake, mizunguko 2. Katika mizunguko hiyo mtasikia mahali pamoja ambapo gurudumu linakuwa zito na kukataa. Hapo ndipo pistoni inaposhindilia. Wazee waanze, watoto wakae nyuma ya kamba.